Kijana ananitishia Jugendamt, na baba yake anataka kumrudisha Tanzania

Msomaji ameandika: "Mimi na mume wangu tunatoka Tanga. Tuna miaka saba hapa Ujerumani, jimbo la Nordrhein-Westfalen. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu yuko kwenye ghala la mizigo. Tuna vijana wawili wa kiume, wa miaka 16 na 13. Mkubwa yuko Realschule, sekondari ya ngazi ya kati, darasa la kumi. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kijerumani. Anarudi saa sita usiku ananuka bia, na sisi ni Waislamu. Sasa mama wa msichana wake amemkaribisha akalale kwao Jumamosi. Nilipokataa akaniambia nikizidi kumbana atapiga simu Jugendamt, ofisi ya ustawi wa watoto. Mwalimu naye analalamika kwamba darasani hafungui mdomo. Mume wangu ameshaongea na kaka yake wa Morogoro, anataka kijana aende huko akafundishwe adabu. Mdogo anayatazama yote haya. Je, ni kweli huku mzazi hana tena amri? Na tumrudishe?"

Dada yangu, pole sana. Nisalimie shemeji, na naomba jibu hili mlisome wote wawili, maana sehemu kubwa inamhusu yeye.

Nianze na amri. Unayo. Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949, kifungu cha 6, inasema kulea watoto ni haki ya asili ya wazazi na ni wajibu wao kabla ya mtu mwingine yeyote. Kazi ya dola ni kuangalia kwamba wajibu huo unatimizwa. Kwa hiyo wa mbele ni ninyi, na Jugendamt, ile ofisi ya ustawi wa watoto na vijana, iko nyuma yenu. Kilichobadilika ni sheria ya kiraia, ambayo tangu Novemba 2000 inampa kila mtoto haki ya kulelewa bila ukatili. Fimbo imekatazwa, kofi limekatazwa, na maneno ya kumvunja mtoto utu yamekatazwa vilevile. Hilo la mwisho wazazi wengi wa kwetu hawalijui. Lakini yaliyobaki mikononi mwenu ni mengi: kupanga saa ya kurudi nyumbani, kuchukua simu usiku, kupunguza pesa ya matumizi, kukataa safari, kusema hapana na kuvumilia akinuna siku tatu.

Ninavyoona kwa familia nyingi ninazozishauri hapa, shida huanza hivi. Kwetu amri na fimbo vilikuja pamoja, basi fimbo ilipokatazwa mzazi akadhani na amri imekwenda nayo. Anakaa kimya miezi, anameza, anaogopa majirani, anaogopa shule. Halafu usiku mmoja anafoka yote kwa mpigo. Kijana anajifunza kwamba nyumbani kuna hali mbili tu, kimya au kelele, na katikati hakuna utaratibu wowote anaoweza kuutegemea. Nadhani ndipo mlipofika, na ndiyo maana tiketi ya Morogoro imeonekana kuwa njia pekee.

Sasa kitisho chenyewe. Usimwambie anadanganya, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Mtoto akienda mwenyewe Jugendamt akaomba asirudi nyumbani usiku huo, ofisi inalazimika kumpokea. Ila inalazimika pia kuwaarifu ninyi mara moja, na mkipinga, imrudishe au ilipeleke jambo mahakama ya familia bila kuchelewa. Mwenye uwezo wa kuwapokonya haki ya malezi ni hakimu wa mahakama hiyo, naye huangalia hatari halisi kwa mtoto. Kijana aliyezuiwa kulala kwa msichana wake hayuko hatarini. Kinachotokea mara nyingi katika kesi za namna hii ni mazungumzo mezani.

Na meza hiyo mnaweza kuiendea ninyi kwanza. Sheria inawapa wazazi haki ya kuomba msaada wa malezi. Kuna vituo vya ushauri wa malezi, huitwa Erziehungsberatung, vinavyoendeshwa na manispaa au na mashirika kama Caritas, Diakonie na AWO. Ni bure, na washauri wamefungwa na siri ya kazi. Kuna pia simu ya wazazi, 0800 111 0550, bure na bila kutaja jina. Ya watoto wenyewe ni 116 111. Kwa hiyo siku nyingine akikutajia Jugendamt, mjibu kwa sauti yako ya kila siku, huku ukiendelea kukata vitunguu: "Sawa, tukihitaji tutakwenda wote watatu." Kitisho kisichomshtua mtu huisha nguvu upesi.

Kuna sharti moja. Kama kuna mtu humo ndani ameshawahi kumpiga, jibu hilo halitatosha. Itabidi aliyempiga amwambie mwenyewe, ana kwa ana, kwamba halitarudiwa, na kweli lisirudiwe. Bila hivyo kila utakalosema kuhusu sheria atalisikia kama ujanja.

Tuje kwenye bia na usiku. Sheria ya kulinda vijana inaruhusu mtu wa miaka 16 kuuziwa bia na mvinyo. Pombe kali, sigara na sigara za umeme hadi afike 18. Disko anaweza kukaa mpaka saa sita usiku bila mzazi. Bangi imeruhusiwa kwa watu wazima, kwa viwango maalumu, tangu Aprili 2024, lakini kwa aliye chini ya miaka 18 bado ni marufuku, na polisi wakimkuta nayo wanatakiwa kuwajulisha ninyi. Vijana huwasomea wazazi wao sheria hii nusunusu. Wasichosema ni kwamba inamfunga mwenye duka na mwenye baa. Haimpi mwanao haki ya kunywa, wala haikuzuii kusema kwamba katika nyumba hii pombe haiingii.

Iteni kikao. Kisiwe usiku anaporudi. Usiku huo mfungulie mlango, mwache alale. Kesho yake baada ya kula, baba yupo, simu zote mbali, hata za kwenu. Sheria ya kiraia niliyoitaja inawataka wazazi, kadiri mtoto anavyokua, wajadiliane naye na watafute kukubaliana. Kwa hiyo mwulizeni kwanza anaona saa ngapi inafaa na kwa nini. Msikilizeni hadi amalize. Kisha mseme yenu, kwa mfano saa tatu usiku siku za shule na saa tano Jumamosi, na palepale mtaje kitakachofuata akivunja, kitu kidogo mnachoweza kukitekeleza wiki hiyohiyo. Adhabu kubwa ya mwezi mzima itawashinda ninyi kabla haijamshinda yeye, hasa wewe ukiwa zamu ya jioni.

Kuhusu dini nitasema jambo ambalo huenda likakuuma. Tangu alipotimiza miaka 14, sheria ya Ujerumani inamhesabu mwanao kuwa mwenye uamuzi wake katika dini. Sheria hiyo ni ya zamani sana, ya mwaka 1921. Huwezi kumburuta msikitini. Lakini nyumba bado ni yako, na hali yake inamwingia mtoto kila siku. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, futari inafika mnamo saa kumi na mbili jioni, wakati wanafunzi wameshatoka shule. Omba mapema kazini ubadilishiwe zamu, hata kwa nusu ya mwezi tu. Pika uji wa pilipili manga, mihogo, kaimati, na umwambie alete rafiki zake. Kijana anayeficha kwao mbele ya wenzake huanza kubadilika anapowaona wenzake hao wanaomba kuongezewa sahani. Asipofunga, akae mezani hivyohivyo.

Na huyo msichana naye aje. Nakuomba umpigie mama yake simu kabla ya Jumamosi. Kwa familia nyingi za Kijerumani, kumruhusu mchumba wa mtoto alale nyumbani ni njia ya kujua vijana wako wapi na wako na nani. Hawakusudii kuwadharau ninyi. Mshukuru kwa ukarimu, mweleze kwamba kwenu kijana hulala nyumbani kwao, na mpatane saa ya kumrudisha. Mama huyo ataelewa kuliko unavyodhani, na mwanao ataona kwamba watu wazima wawili wanaongea bila yeye kuwa mjumbe katikati. Pamoja na hayo, baba yake amkalishe wazungumze kiume: heshima kwa msichana, ridhaa, mimba, magonjwa, kinga. Najua wazazi wengi wa pwani wanaona kulitaja ni kulihalalisha. Shuleni ameshafundishwa yote darasani, tena kwa michoro. Alichokosa ni kusikia baba yake anaamini nini na kwa sababu gani.

Sasa shule, na hapa naomba utulie nami kidogo, kwa kuwa naamini ndipo maumivu ya kijana yalipojificha. Ulilichukulia lalamiko la mwalimu kama jambo dogo. Kwa shule za Ujerumani ni kubwa sana. Alama za mwanafunzi hazitoki kwenye mitihani ya kuandika peke yake; kuinua mkono, kuuliza, kubishana kwa hoja, kumwambia mwalimu "sikubaliani", yote huandikwa. Katika jimbo lenu, kwenye masomo yasiyo na mitihani mikubwa ya kuandika, kama historia na jiografia, ushiriki huo pamoja na madaftari na majaribio mafupi ndio unaotoa karibu alama nzima. Mtoto anayejua kila kitu na akanyamaza anaweza kupata 4, wakati 1 ndiyo bora na 6 ni ya chini kabisa.

Fikiria sasa ulivyomlea, na ulimlea vizuri. Akisema mkubwa, sikiliza. Usimkazie macho. Usijibizane. Alikuja hapa ana miaka tisa, adabu hiyo imeshakaa. Darasani mwalimu anaitafsiri kuwa uvivu au kutojali, na kijana anaadhibiwa kwa alama kwa kutii yale uliyomfundisha. Akirudi nyumbani akijaribu ile ya shuleni, kubisha na kutoa hoja, anaambiwa amekosa adabu. Vijana wengi wa kwetu wamebanwa hapo, na wachache wanaoweza kulieleza. Mpe ruhusa kwa mdomo wako: "Kwa mwalimu, inua mkono, sema unachofikiri, hujamkosea heshima." Mimi nimeona sentensi hiyo moja, ikitoka kwa baba, inavyomfungua mtoto. Kisha nyumbani mfundisheni kubishana nanyi kwa staha. Mkiwa mezani mwulizeni maoni yake juu ya jambo la kweli, kodi ya nyumba, safari, habari za dunia, na mkubali akiwashinda kwa hoja.

Kuna lingine linaloendana na hilo. Je, nani anakalimani kwenye mikutano ya shule? Katika familia nyingi ni mtoto. Anatafsiri barua ya mwenye nyumba, anatafsiri kwa daktari, anatafsiri hata lalamiko la mwalimu juu yake mwenyewe. Mtoto wa namna hiyo amekuwa mkubwa wa nyumba kwa mlango wa nyuma, halafu jioni anaambiwa arudi saa tatu. Lazima agome. Kama Kijerumani cha shemeji bado ni cha ghalani, iombeni shule iwatafutie mkalimani. Miji mingi ina utaratibu huo kwa wazazi wageni, na mwalimu au mfanyakazi wa ustawi wa shule anajua pa kuuliza. Mkikosa, nendeni na mtu mzima mnayemwamini. Mikutano ya wazazi, ile ya jioni ya darasa zima na ile ya mzazi mmoja mmoja na mwalimu, msikose, hata mkitoka na nusu tu ya yaliyosemwa. Mwalimu anayewajua kwa sura huwapigia simu mapema.

Kiswahili kisikutie homa. Wewe endelea kumsemesha Kiswahili, ajibu atakavyo. Anakuelewa, na hicho ndicho cha kulinda sasa. Usimcheke lafudhi, usimsahihishe mbele ya wageni. Mpe kazi za kweli zinazohitaji lugha hiyo: kumtumia bibi yake sauti kwenye simu, kuuliza bei ya mbata kwa shangazi, kupika wali wa nazi huku wewe ukielekeza kutoka kwenye kiti. Wavulana wote wawili waingie jikoni. Ukiwa zamu ya jioni wao wanakula piza ya barafu mbele ya simu. Wapangieni siku zao za kupika. Sioni aibu yoyote hapo kwa mtoto wa kiume.

Hukuniuliza jambo moja, na mimi nakuuliza. Unajua anavyotendewa huko nje? Kijana mweusi wa miaka 16, mrefu, huanza kuonekana mtu wa kutiliwa shaka. Mlinzi wa duka anamfuata. Stesheni polisi wanamwita yeye kati ya wenzake wanne na kumtaka kitambulisho. Wengi hawasemi nyumbani, kwa sababu wanawaona wazazi wamechoka, au waliwahi kusema wakaambiwa "achana nao, soma". Mwulize ukiwa naye kwenye gari au mkiwa mnatembea, wavulana husema zaidi wakiwa hawatazamwi usoni. Ikiwa kuna jambo shuleni, andikeni tarehe na maneno yaliyosemwa, mwende kwa mwalimu wa darasa pamoja. Na mwelekezeni namna ya kusimama mbele ya polisi: mikono ionekane, sauti ya chini, aulize sababu ya kusimamishwa, na awapigie mara atakapoweza. Bia ya Jumamosi na ukimya wa darasani wakati mwingine vina chanzo hapa.

Sasa Morogoro. Shemeji, hili ni lako. Naelewa unachokitafuta: ukoo, wazee wengi wanaomtazama mtoto, mtaa unaomjua. Hamu hiyo naiheshimu. Lakini kumpeleka kama adhabu nakuomba usifanye. Kama ana kibali cha kuishi na si pasipoti ya Ujerumani, kibali hicho hupotea akikaa nje zaidi ya miezi sita, isipokuwa ofisi ya wageni imekubali muda mrefu zaidi kabla hajaondoka. Pesa ya watoto ya serikali, iliyokuwa euro 255 kwa mwezi mwaka 2025, huweza kukatika. Cheti cha darasa la kumi, alichokisotea miaka yote hii, atakiacha mlangoni. Huko ataingia sekondari inayofundisha kwa Kiingereza, akiwa na Kiswahili asichokiandika, katika shule ambazo kanuni bado zinaruhusu viboko. Akianguka, mtasema ni mkaidi.

Na lililo baya kuliko yote ni kumdanganya kwamba ni likizo, kisha kumwachia baba yake mkubwa na kuondoka na pasipoti. Linafanyika, tunajua wote. Kijana aliyefanyiwa hivyo hawaamini tena wazazi wake, na kwao kunageuka jela akilini mwake kwa miaka mingi. Mkiwa hapa hapa mkijulikana mnapanga hivyo, hapo ndipo mahakama ya familia ina sababu ya kweli ya kuingia.

Mpeleke likizo, nawe uwepo. Likizo ya kiangazi jimboni kwenu ni kama wiki sita. Alale kwa baba yake mkubwa, apande daladala, aone ulipocheza mpira, asikie watu wakikuita jina lako la utotoni. Kabla ya hapo baba mkubwa ampigie simu kila wiki kwa mazungumzo ya kawaida, bila mahubiri. Mzee anayesikika kijana akiwa salama ndiye anayesikilizwa siku ya shari. Na hapa hapa Ujerumani mwanao anakuhitaji wewe mwenyewe. Kama anacheza mpira kwenye klabu ya mtaa, Jumamosi asubuhi simama pembeni ya uwanja pamoja na baba wengine, hata kama umetoka zamu ya usiku. Kama hachezi, tafuteni cha kufanya wawili tu, baiskeli, kinyozi, kuvua samaki, chochote.

Mdogo wa miaka 13 usimsahau kwa sababu hana kesi. Mpe nusu saa yake kila siku, na usimtumie kama jasusi wa kaka yake.

Mwisho, darasa la kumi linakwisha, na hili lina tarehe kuliko mengine yote. Jimboni kwenu, hadi mwisho wa mwaka wa shule atakaotimiza miaka 18, anatakiwa awe shuleni au kwenye mafunzo ya kazi. Alama zake zikitosha anaweza kuendelea hadi Abitur, cheti cha kuingilia chuo kikuu. Zisipotosha kuna shule za ufundi na kuna Ausbildung, ile ya siku kadhaa kazini na siku moja au mbili shuleni, anayolipwa tangu mwezi wa kwanza. Kwa aliyeanza mwaka 2025 kiwango cha chini kisheria kilikuwa euro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Usiidharau kwa macho ya nyumbani. Fundi anayefika daraja la Meister, yaani fundi bingwa, amewekwa rasmi ngazi moja na mwenye shahada ya kwanza. Mafunzo huanza Agosti au Septemba, na kampuni kubwa hufunga maombi karibu mwaka mmoja kabla. Agentur für Arbeit, ofisi ya serikali ya ajira, ina washauri wa kazi kwa vijana, bila malipo. Apige simu mwenyewe kuomba miadi wiki hii, kwa Kijerumani chake kizuri, na siku ya miadi baba yake aende naye, asikilize, amwache mwanawe aongee.